Ufunguo Shingoni mwa Kidoti

Jumamosi, 4 Machi

Dada yangu,

Pokea salamu kutoka kwenye mvuke. Mgongo wako unaendeleaje, na cherehani je? Najua kimoja kikiuma, kingine nacho kinagoma. Shemeji nisalimie. Mimi ni mzima, ila mikono imechubuka kwa dawa ya kufulia. Mashuka ya hoteli hayaishi, dada. Unamwaga toroli moja, na jingine linakugonga kisigino.

Jana nilipata zamu yangu kwenye kompyuta ya bwenini kwetu wafanyakazi, na sura ya Kidoti ikaja safi kabisa. Alikuwa ananionyesha daftari lake. Mara mkono ukaingia kutoka pembeni, ukamnyoosha kola. Nilijua ni wako kwa lile kovu la sindano. Mwanangu hata hakugeuka. Aliinua kidevu tu, kama mtu aliyezoea. Dada, nilishakuomba, nikiongea na mwanangu utupishe. Hata mkono usiingie.

Halafu ameniambia Jumapili huwa anaangalia katuni na Mama. Nikamuuliza, mama yupi? Akacheka. Shemeji naye nasikia ni mtu wa mieleka, anakibeba kisanduku cha mtandao mpaka kwa rafiki zake, na bando linaisha kabla Ijumaa haijafika. Kompyuta ile na kisanduku hicho nilivinunua ili nimwone mtoto, sikuvinunulia mieleka. Kuanzia sasa kisanduku kifungie ndani ya kabati la chuma, lile nililoliacha mimi. Waya upitishe kwenye tundu la nyuma. Kompyuta ibaki mezani kama ilivyo. Ufunguo mvishe Kidoti shingoni kwa kamba, na umsomee mstari huu kama ulivyo:

Mwanangu, ufunguo huu usimpe mtu yeyote, hata Mama Mkubwa, mpaka mimi mwenyewe nikuambie.

Usichukie. Uchovu huu unanifanya niseme mambo bila kuyapaka sukari.

Mdogo wako


Jumatano, 15 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako dereva wa basi ameileta ikiwa imekunjwa kama andazi, lakini imefika. Mgongo unauma, cherehani inakwenda. Shemeji yako anasema asante kwa salamu, na kwamba mieleka aliangalia mara moja tu, tena waliopigana walikuwa wazee.

Ulivyosema nimefanya. Nimetoa vitambaa vya wateja kabatini, nikaweka kisanduku, nikapitisha waya kwenye tundu, nikafunga. Mstari nimemsomea Kidoti. Alinitazama, akaniuliza, "Hata wewe?" Nikamwambia, ndivyo ilivyoandikwa. Akavaa kamba. Sasa anaoga nao na kulala nao, na shuleni anautia ndani ya blauzi. Mwalimu alipouliza ni wa nini, alijibiwa kwamba ni siri ya kazi.

Kuhusu mkono, sitauingiza tena. Ila kola ilikuwa imekaa vibaya, na mimi ni fundi cherehani. Macho yangu hayawezi kupita juu ya kola mbovu.

Jino lake la mbele linacheza.

Dada yako


Jumamosi, 25 Machi

Dada,

Natumaini nyote wazima. Mimi mwili upo, roho ndiyo haipo.

Ijumaa mbili sasa sijamwona mtoto. Wiki ile sura ilikuja vipandevipande, jicho huku, mdomo kule, kisha ikaganda mdomo ukiwa wazi. Jana haikuja kabisa, nikabaki natazama kiduara kinazunguka, na wenzangu nyuma yangu wanasema, "Mama Kidoti, zamu imeisha, toka." Kabla ya zamu yangu alikaa mwenzetu mmoja, mwanawe akamwimbia wimbo mzima bila kukatika. Nilimpigia makofi pamoja na wengine, lakini moyoni nilitamani umeme wa pale ukatike.

Nimemuuliza Bibi Nyaya, mwenzangu wa upande wa pasi kubwa. Yeye aliwahi kuuza kompyuta, mpaka mwenye duka alipowatoroka. Anasema fanyeni hivi. Zimeni kisanduku pale ukutani, subirini kipoe, muwashe tena. Na kompyuta izimwe kabisa. Kufunga kifuniko si kuzima. Pembeni mwa kompyuta kuna kitufe kidogo chenye alama ya mnara, tazameni kama hakikuguswa. Halafu fungueni orodha ya mitandao, muusahaulishe ule wetu, kisha muuingize upya kwa neno la siri. Mwisho mtazame vile vijiti vya mtandao pale chini kwenye kioo. Vikiwa vinne ni vizuri, kikiwa kimoja ni shida.

Fanya yote, kisha uniandikie umeona nini. Usinifiche.

Mdogo wako


Alhamisi, 6 Aprili

Mdogo wangu,

Tunaendelea vizuri, ila Kidoti ana mafua kidogo.

Nilifanya yote aliyoyasema Bibi Nyaya. Nilizima kisanduku kwa swichi ya ukutani, nikapika, nikawasha. Kompyuta niliizima kabisa, ikachukia, ikawaka baada ya kuniandikia maneno mengi meupe. Kitufe chenye mnara nilikibonyeza, taa ikafa. Nikakibonyeza tena, ikafufuka. Kuusahaulisha mtandao ndiko kulikonitoa jasho, maana ulisahau kweli, na neno la siri nalo limeandikwa chini ya kisanduku, na kisanduku kiko ndani ya kabati. Bahati Kidoti alikuwa analikumbuka kichwani. Tukaingiza. Ukashika, ukaachia. Kijiti ni kimoja, tena kinakuja na kuondoka kama mgeni asiye na uhakika wa mlango.

Nikamwita Fundi Rimoti, yule wa redio pale kona, siku hizi anajiita daktari wa kompyuta. Aliigeuzageuza, akaipuliza vumbi, akasema yenyewe haina ugonjwa. Akauliza kisanduku kiko wapi. Nikamwambia kimehifadhiwa. Akacheka, akaniambia neno moja mlangoni, akaenda zake.

Ijumaa tulikaa tayari. Kidoti alivaa lile gauni la njano. Uliona chochote?

Dada yako


Jumamosi, 22 Aprili

Dada,

Sitakuuliza sana hali, maana naona yako ni nzuri.

Sikuona gauni wala njano. Nimeanza kusahau doti la mwanangu liko shavu gani. Hilo nilifikiri jana nikiwa nalisha mashuka kwenye pasi kubwa, nikachanganyikiwa, nikaunguza kidole.

Nimefikiri sana, na nitasema ninachofikiri. Mtandao ulikuwa mzima mpaka nilipokwambia utoe mkono wako. Tangu siku hiyo ukafa. Kompyuta haina ugonjwa, fundi amesema. Bando nimelinunua mimi, nalijua lipo. Sasa ugonjwa uko wapi? Mtandao haujui kuona wivu, dada. Watu ndio wanaojua.

Kuna kitu hukukiandika. Fundi alikwambia nini pale mlangoni? Kwa nini maneno yake yote umeyaandika, lile moja ukaliruka?

Nakujua tangu utoto. Ulikuwa ukipewa mwanasesere wangu umshike kidogo tu, unamshonea nguo, na akishavaa nguo yako anakuwa wako. Sikulia wakati ule, lakini hapa kuna mtoto wangu niliyemzaa mwenyewe. Namtumia viatu, unamvalisha wewe. Akijikwaa, analia anakuja kwako. Jina langu limebaki kwenye maboksi tu.

Nimeuliza shule ya bweni, ile ya masista. Wanampokea muhula ujao. Kule kuna kompyuta za kutosha, na kila Jumamosi watoto wanaongea na wazazi wao. Wewe ni fundi, mshonee sare. Vipimo unavijua kuliko mimi.

Mama Kidoti


Jumatano, 3 Mei

Mdogo wangu,

Salamu zangu ni zilezile za dada, hata kama za kwako zimekwisha.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Shemeji yako akaniuliza, "Kuna msiba?" Nikamwambia hapana, mtu amekumbuka mwanasesere.

Unasema akijikwaa anakuja kwangu. Ulitaka aende kwa nani, kwa jirani? Ndiyo, ananiita Mama. Alianza kwa Mama Mkubwa, na mtoto akiita huku anakimbia, neno linakuwa refu, analikata. Wiki ile ya mafua alipata homa, akaniita hivyo mara nyingi, na nikaitika mara zote. Ulitaka nimsahihishe mtoto mwenye homa?

Sasa na mimi niseme yangu. Ijumaa unapotokea kwenye kioo, mtoto hali chakula cha jioni. Anakaa anakusubiri urudi. Kufua, kulisha, kuchana nywele, hivyo ni vyangu, wiki nzima. Wewe unakuja na sura tu, umejipaka mafuta, na yeye anang'aa kama taa. Siku hiyo mimi ni mtu wa kusogeza kiti. Halafu hata mkono wangu nisiulete! Kama wivu ni ugonjwa, basi tumeugua nyumba nzima.

Sare nimeshona. Pindo nimeacha kubwa, maana anarefuka, na kule bwenini hakuna atakayelifumua.

Jino limetoka. Amelitunza, anasema ni la kukuonyesha wewe.

Dada yako, ambaye ni Mama Mkubwa wa Kidoti, jina nililopewa na lugha, sikumnyang'anya mtu


Jumamosi, 13 Mei

Dada yangu,

Hujambo? Nauliza kweli safari hii. Na homa ya Kidoti iliisha?

Nataka nikusimulie kitu. Hapa kazini tuna lifti ya mizigo, chumba cha chuma kitupu, tunapandishia matoroli. Juzi nilikuwa nasukuma toroli na msimamizi wetu yuko mbele yangu, simu sikioni, anagombana na mkewe kuhusu shemeji fulani aliyekuja kulala kwao bila taarifa. Tukaingia lifti. Mlango ukafungwa, na mke akapotea hewani. Yule bwana, "Halo? Halo?" Akaitikisa simu kama chupa ya dawa. Tulipofika juu na mlango kufunguka, simu ikaita palepale, na hata mimi niliyekuwa nyuma ya mashuka nilimsikia mama wa watu akifoka, "Umenikatia makusudi! Hukutaka kunijibu!" Na yule bwana anajitetea, "Sikukata mimi, mke wangu, ni lifti! Ni chuma!" Mke akasema, "Chuma ni moyo wako."

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Nilisimama na toroli langu mlangoni, lifti inataka kufunga inanigonga mbavu, inafunguka, inanigonga tena, nami nafikiria kabati.

Dada, kisanduku kiko wapi? Bado kiko mle ndani? Tangu ile Machi?

Kama bado kimo, msomee Kidoti mstari huu:

Mwanangu, mpe Mama Mkubwa ufunguo.

Mdogo wako


Jumanne, 23 Mei

Mdogo wangu,

Hatujambo, na homa iliisha zamani.

Unauliza kisanduku kiko wapi. Kiko pale ulipoagiza.

Na neno la Fundi Rimoti pale mlangoni lilikuwa hili: "Mama, kama umekihifadhi kwenye chuma, kitoe, mtandao haupiti." Hilo ndilo nililoliruka. Sasa nikueleze kilichofuata, halafu unitukane unavyotaka.

Alipoondoka nilirudi ndani moja kwa moja. Nikamwambia Kidoti, "Haya mwanangu, lete ufunguo, tumpate mama yako." Akarudi nyuma mpaka ukutani. Akaushika ufunguo kwa mikono miwili, akasema, "Mama amesema hata wewe." Nikambembeleza. Nikamweleza chuma, mtandao, fundi, kila kitu. Akatikisa kichwa. Nikamwambia, "Hata mimi ninayekupikia?" Akalia, lakini hakuuachia. Analia na anakataa, kwa pamoja.

Ningeweza kuuchukua. Ni mtoto, mikono yake midogo. Lakini sikuweza kumpokonya, na siwezi kukudanganya kwamba ni huruma tu iliyonizuia. Ilinichoma. Mtoto ambaye kila uzi mwilini mwake nimeushona mimi, amenitazama kama mwizi, kwa sababu ya mstari mmoja wa mtu aliye mbali. Nikasema moyoni, basi. Amri ni yako, ufunguo ni wako, mtoto ni wako. Kaeni nao. Na kila Ijumaa nilimvalisha, nikamweka mbele ya kioo kitupu, nikaenda jikoni. Nilijua hutatokea.

Ndiyo maana nilikasirika mno uliposema nimekuibia. Ungemwona pale ukutani usingeandika barua ile.

Jana nimemsomea mstari wako mpya. Hakuniamini! Akataka auone mwenyewe. Akaweka kidole chini ya kila neno, akasoma polepole, akarudia "Mama Mkubwa" mara mbili kuhakikisha ni mimi. Ndipo akaivua kamba. Ufunguo umemwachia alama ya kijani kifuani, nimeisugua kwa sabuni haitoki yote.

Tumefungua. Kisanduku kilikuwa cha moto kama mkate. Nimekiweka juu ya meza yangu ya kushonea, karibu na dirisha. Vijiti vinne. Kidoti aliruka mpaka pini zangu zikamwagika.

Ijumaa hii wametangaza umeme wetu utakatwa, ila Ijumaa ya tarehe mbili atakuwa tayari. Mimi nitakaa pembeni, kama unavyotaka. Sare za bweni ziko kwenye mfuko, zimepigwa pasi.

Dada yako


Jumamosi, 3 Juni

Dada yangu,

Asubuhi hii kabla ya kazi nakuandikia, nimeketi juu ya ndoo, mashuka ya jana bado yananisubiri na leo hayanitishi. Salamu zako, za mgongo, za cherehani, na za Shemeji. Mwambie mieleka ruksa, isipokuwa Ijumaa.

Nimemwona. Doti liko shavu la kushoto. Nimeliona pengo pia, na jino lenyewe alilileta karibu na kioo mpaka likawa kubwa kama mlango. Bwenini wote walikuja kutazama jino. Bibi Nyaya anasema sasa anidai ada ya ufundi, ingawa katika yote aliyotutuma hakuna lililotusaidia.

Nilimuuliza, "Lilikuuma?" Hakunijibu mimi. Alitazama pembeni, nje ya picha, akasubiri. Kuna mtu alimwambia kitu sikukisikia, akacheka, ndipo akanigeukia akasema, "Halikuuma." Dada, pale moyo wangu ulikunjwa kama shuka. Nisikudanganye kwamba wivu umeniisha kwa sababu ya vijiti vinne. Upo. Nimelala nao, nimeamka nao. Ule wa kwako nadhani upo pia, na hatutaumaliza kwa kuuzima na kuuwasha.

Lakini nilikuwa naogopa kwamba atanisahau, na siku zote hizo alikuwa amesimama ukutani ananitunzia ufunguo. Mtu wa namna hiyo hajilei mwenyewe. Kuna aliyemfundisha kushika neno la mama yake, na siyo mimi, mimi nilikuwa huku kwenye mvuke.

Kwa hiyo zile sare za bweni mtafutie mteja mwenye mtoto wa kimo chake. Kidoti habanduki hapo. Kabati rudishia vitambaa vya wateja wako. Ufunguo usimvishe mtu tena. Na sugua ile alama kwa ndimu, polepole.

Tulipokaribia kuagana kola yake ilikuwa imepinda, upande mmoja umeingia ndani. Niliona mimi kutoka huku. Nikasubiri mkono wako. Ukaja kidogo, vidole viwili tu, ukaishia ukingoni mwa picha, ukarudi. Mwanangu alikuwa ameshainua kidevu. Akabaki hivyo, kidevu juu, anasubiri.

Usimfanyie tena hivyo. Ijumaa ijayo vuta kiti, ukae ndani ya picha, nikuone na kovu lako na miwani yako. Mkono usio na mwenyewe ndio uliokuwa unaniumiza.

Nyoosha hiyo kola.

Mdogo wako